Giza la Dakika Kumi

Serah alipouona mwanga ule kwa mara ya kwanza, alipiga makofi. Yalikuwa makofi mawili tu, lakini karakana nzima iliyasikia. Ndani ya tangi la chuma, nyuma ya kioo kinene, kwenye soketi aliyoijaza gundi kwa mikono yake mwenyewe, palikuwa pamewaka kitu cha rangi ya zambarau, kinatetemeka, kizuri kukitazama. Alidhani hiyo ndiyo kazi ya nyaya zake. Aligeuka na tabasamu la mtu anayesubiri pongezi, akamkuta mhandisi Hala ameshika kichwa.

"Zima," Hala alimwambia fundi wa tangi. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ulimuuma Serah kuliko ukali: "Serah, hapo hapatakiwi kuonekana kitu. Hata chembe."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Al Quoz, Dubai. Karakana yao ilikuwa katikati ya ghala la magodoro na mafundi wa viyoyozi, na ilikuwa ikitengeneza mitita ya nyaya za ndege isiyo na rubani. Ndege yenyewe ilitakiwa iruke juu mara mbili ya ndege za abiria na ikae huko siku nyingi ikiishi kwa jua. Kazi ya Serah, mwenyeji wa Kitale, ilikuwa kuchanganya maji mawili yanayogandishana kuwa gundi nzito na kuimimina nyuma ya soketi ili umeme usipate pa kutokea. Alikuwa na miezi mitatu kwenye meza hiyo. Soketi zake zote za mwanzo zilikuwa za droni ndogo za kuruka chini, zenye umeme kidogo, na hakuna hata moja iliyolalamika. Hii ilikuwa ya kwanza ya volti elfu moja.

Shakir, mwenye karakana, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa karatasi. Alikuja na karatasi ya kazi, akaipitishia kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye mhuri wa chini. Kila mfanyakazi alikuwa na mhuri wake mdogo wenye namba, na wa Serah ulikuwa kumi na nne. Siku alipokabidhiwa aliupiga picha akamtumia mama yake, na mama akauliza kama sasa mtoto wake amekuwa chifu.

"Kumi na nne ni nani?" Shakir aliuliza, ingawa wafanyakazi walikuwa sita tu na alikuwa anawajua wote.

"Ni mimi, sir."

"Mteja anarudi Jumamosi. Mtita mpya, tangi hilihili. Ukiwaka tena, khalas. Kazi inaondoka, na kumi na nne anaondoka nayo."

"Sawa, sir," alisema Serah, na akaona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyotoka nyembamba.

Mtu pekee wa kusema naye Kiswahili pale alikuwa Soud, mtunza stoo, mzaliwa wa Dubai kwa wazazi wa Unguja. Soud hakumpa pole. Alisubiri Serah akae kwenye boksi, akampa chai, ndipo akauliza, "Hebu niambie, mwanangu. Makofi yale yalikuwa ya nini?"

"Mzee Soud, tafadhali."

"Nauliza tu. Nina miaka kumi na moja hapa, sijapata kuona mtu akashangilia hasara." Alikunywa chai yake. "Sikiliza. Hapa chini hewa imejaa. Umeme ukitaka kuruka kutoka waya huu kwenda ule, ni sawasawa na mwizi sokoni mkesha wa sikukuu. Akimbilie wapi, na kila hatua anamgonga mtu? Huko juu soko limebakia watu watatu. Mwizi anapata mwendo, na kila anayemgonga hugeuka mwizi mwenziwe, wakakimbia pamoja. Tangi lile kazi yake kunyonya hewa, ili tuone mapema kama wezi watapata njia. Ule mwanga wako mzuri ndio mbio zao."

"Na gundi yangu?"

"Gundi yako ndiyo ukuta. Ukuta umetoboka pahala. Pahala gani, hapo sasa sijui."

Serah naye hakujua. Alichojua ni kwamba viza ya mume wake ilikuwa imesimama juu ya viza yake, na viza yake ilikuwa imesimama juu ya soketi ile.

*

Francis alikuwa mlinzi wa zamu ya asubuhi kwenye jengo la ofisi, na kwa hiyo jioni ndiye aliyetangulia kufika chumbani kwao Bur Dubai. Chumba kilikuwa nusu ya sebule, kimetenganishwa na nusu nyingine kwa ubao wa jasi, juu ya duka la vitambaa. Wenzake kanisani walimwita Bwana wa Serah, kwa sababu jina la mke ndilo lililoandikwa kama mdhamini kwenye karatasi zake. Alicheka nao kila Jumapili. Ndoa yao ilikuwa imekaa kwenye simu miaka minne, yeye Kitale na mke Dubai, na sasa ilikuwa na miezi minane tu ya kulala chumba kimoja. Kwa miezi minane kama hiyo mtu anaweza kuvumilia mzaha mwingi.

Serah alimweleza yote, ila makofi aliyaruka. Francis alisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mtu asiye na hatia haulizi.

"Ulikuwa umevaa glavu gani?"

"Zangu. Zile za pamba. Mbona?"

"Zile ulifua Jumapili?"

"Francis."

"Ni tone moja tu, Serah."

"Tone la nini?"

Francis aliangalia feni. "Mafuta ya upako. Pasta alisema tupake kazi ya mikono yetu, na wewe kazi yako si ni ya mikono? Mimi nilipaka kofia yangu ya kazi. Halafu nikaona glavu zako zimeanikwa hapo. Nikapaka ya kulia. Kwa ndani."

Serah alikaa kitandani polepole. "Madam Hala anatukataza hata losheni. Miezi mitatu mikono yangu imepasuka kama kisigino, sababu ya hiyo sheria. Na wewe unanipaka mafuta ya zeituni."

"Yameombewa."

"Umeme utajuaje yameombewa?"

"Aki Serah, nilitaka upandishwe cheo."

Sauti zao zilikuwa zimepanda, na upande wa pili wa ubao mtu akagonga mara tatu. Alikuwa Hadijah, Mganda aliyefanya usafi hospitalini zamu ya usiku na kulala mchana. "Nyinyi watu," alisema kwa uchovu, "mimi naingia kazi saa mbili. Mgombane kwa simu."

Basi wakagombana kwa simu, wamekaa kitanda kimoja, wamepeana migongo. Francis aliandika Nisamehe. Serah aliandika Nisamehe haitafunga soketi. Francis aliandika kwamba nia yake ilikuwa njema. Ndipo Serah, vidole vikiwa vimepata moto, akaandika: Umekuja hapa kwa viza yangu halafu unaimwagia mafuta.

Aliisikia simu ya mumewe ikitoa mlio nyuma yake. Alimsikia akisoma, maana kusoma kwa Francis kulikuwa na pumzi yake. Kisha akamsikia akiilaza simu kifudifudi juu ya godoro, taratibu. Serah alijua amevuka mpaka. Alijua pia kwamba ujumbe unaweza kufutwa, na hakuufuta.

*

Jumatano asubuhi alimwomba Soud glavu mpya, akatia sahihi kwenye daftari la stoo, ila habari ya mafuta hakumwambia Hala. Alijipangusa mikono kwa spiriti mpaka ikamwasha. Alichukua gundi mpya, akaisoma tena karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani, Changanya vizuri mpaka mabonge yaishe, na siku hiyo akachanganya vizuri kuliko siku zote.

Alhamisi asubuhi waliijaribu soketi ile kabla hata haijafungwa kwenye mtita. Hala alizima taa, tangi likanyonya hewa, umeme ukapandishwa. Mwanga ukawaka mahali palepale, zambarau ileile.

Mwenzake Serah wa meza ya pili alihamisha kikombe chake cha chai kidogo upande wa mbali, labda bila sababu yoyote. Hala alisema, "Gundi inahitaji siku moja kukauka. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni moja tu, na soketi lazima imiminwe leo." Serah aliingia kwenye chumba cha kioo cha kuchanganyia akiwa anawaza kitu kimoja: kwamba si mafuta. Na kama si mafuta, basi tangu juzi alikuwa anamwadhibu mtu bure.

Mtu mwenyewe alikuwa mlangoni. Francis alikuwa ameomba ruhusa kazini, akavaa suti yake ya kanisani na tai, akapanda basi mpaka Al Quoz, na chupa ndogo ya mafuta aliibeba ndani ya bahasha ya kaki. Soud alimtazama juu mpaka chini akadhani ni mteja, akampeleka moja kwa moja kwa mhandisi.

"Madam," Francis alianza, amesimama wima kama mbele ya mkuu wake wa zamu, "mimi ni mume wa Serah. Ile kitu inawaka, ni mimi. Nilipaka glavu yake mafuta bila yeye kujua. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, nifukuze mimi."

"Wewe si mfanyakazi wangu. Nitakufukuzaje?"

"Hapo ndipo shida iko, madam."

Hala aliichukua chupa, akaifungua, akainusa. Alikuwa hajalala vizuri siku mbili, na mwanamume huyu mwenye tai ndiye kitu cha kwanza kilichomfanya atake kucheka wiki nzima. "Glavu hizo alizivaa mpaka lini?"

Soud alilifunua daftari lake. "Jana asubuhi kachukua mpya."

"Na soketi ya jana imewaka leo." Hala alimrudishia Francis chupa yake. "Basi si wewe. Pole."

Francis alisimama na chupa mkononi, kosa lake limekataliwa. Alijisikia mwepesi, kisha akajisikia mjinga, kisha kwa kukosa la kufanya akatazama kwenye chumba cha kioo. Serah hakuwa amemwona. Alikuwa ameshikilia kopo la gundi kifuani kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia alikuwa anasukuma kijiti kutoka chini kwenda juu, anabana ukutani, anageuza, anapiga, anabana tena, bega lote linafanya kazi.

Uso wa Francis ulifunguka. Miaka minne alikuwa amekula ugali wa kujisongea. "Unaona huyo, madam," alisema kwa fahari. "Hapo hakuna donge linabaki. Hivyo ndivyo kwetu ugali unasongwa. Hata mama yangu, na mama yangu si mtu wa kusifu, alikubali huo mkono."

Hala alimgeukia. "Anachanganya namna hiyo kila siku?"

"Kila kitu, madam. Hata chai."

Hala alichukua soketi iliyowaka asubuhi, akatoa kisu chembamba, akaipasua gundi katikati kama mtu anayekata keki, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Soud alisogea kutazama, na Francis akatazama nyuma ya Soud. Gundi iliyotakiwa iwe nzima ilikuwa imejaa viputo, vidogo vidogo, vingi, imeumuka kama andazi zuri la asubuhi. Kutoka kwenye kiputo kimoja kilichoegemea waya kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ulioungua.

"Hapa chini havina neno," Hala alisema polepole, zaidi kwa nafsi yake. "Ukienda juu, hewa iliyomo inavuja, inakuwa nyembamba. Kila kiputo ni tangi dogo."

"Soko lenye watu watatu," alisema Soud.

*

Walimwita Serah. Aliingia na kopo lake, akamwona mumewe na tai yake, akasimama.

"Unafanya nini hapa?"

"Nilikuja kukiri."

"Kukiri nini?"

"Mafuta. Lakini wamekataa."

Hala alimwonyesha viputo. Hakumkaripia, alimweleza tu: hewa imeingia kwa kuchanganya, kwa mkono. Serah aliinama kwenye kioo cha kukuzia na akakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa hataki kuinua uso. Alikuwa amechanganya gundi ile kwa bidii, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoongeza bidii. Aliona aibu hasa, aibu ya mtu aliyekosea kwenye kitu alichosifiwa maisha yake yote, mbele ya mume ambaye siku mbili alikuwa amekula chakula baridi kwa kosa lisilo lake.

Shakir alitokea na karatasi. "Nani alimfundisha kuchanganya hivi?"

"Mimi," alisema Hala. "Karatasi ile ukutani nimeiandika mimi. Inasema achanganye mpaka mabonge yaishe, na mabonge yameisha. Hewa ilitakiwa itolewe baadaye na pampu, na pampu iko ndani ya boksi tangu mwezi wa pili inasubiri kifaa chake. Maombi ya kifaa yako mezani kwako. Yana mhuri wangu."

Shakir alitazama karatasi aliyoishika kana kwamba nayo itamsaidia. "Wiki ijayo, inshallah."

"Mteja ni keshokutwa."

Hapo Soud akaingilia. "Jirani zetu wa viyoyozi hawakosi pampu ya kunyonyea hewa. Ndiyo wanayosafishia mabomba yao kabla ya kutia gesi. Nyinyi tafuteni sufuria nene na kioo cha kufunikia, mimi niende nikawaombe."

Aliporudi na pampu na mpira wake, Serah alianza upya na gundi mpya. Hala alisimama kando yake. "Taratibu. Kijiti kisitoke juu. Usipige." Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Bega lilitaka kupiga lenyewe. Nje ya kioo Francis, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfukuza, alishindwa kujizuia. "Kama uji wa mtoto mgonjwa," alisema. Serah alimtupia jicho, na Francis akageuka kusoma tangazo la zima moto.

Waliiweka gundi ndani ya sufuria, wakaifunika, pampu ikanguruma. Gundi ikaanza kupanda, ikajaa povu, ikafura kama maziwa yanayotaka kumwagika, mpaka Serah akanyoosha mkono kutaka kuzima. Hala alimshika kifundo cha mkono. Povu likavimba, likapasuka, likashuka lote kwa pamoja, na chini ikabaki gundi tulivu, safi kama asali. Serah hakuamini ni hewa kiasi gani aliyokuwa ameisonga humo miezi mitatu. Aliimimina kwa uzi mwembamba, bila haraka, na alipomaliza akageuka kumtafuta Francis. Alikuwa ameondoka. Ruhusa yake ilikuwa imekwisha.

Jioni hiyo na siku ya pili walizungumza kwa adabu, kuhusu chumvi na sabuni. Neno la viza lilikaa katikati ya kitanda, na Serah hakupata pa kuanzia.

*

Jumamosi mteja alikuja na wenzake wawili. Taa zilizimwa. Tangi lilinyonya hewa mpaka sindano ya kipimo ikafika kimo cha ndege ile, na Hala akaanza kupandisha umeme akitaja namba kwa sauti ya chini. Ilipofika elfu moja alibonyeza saa. Dakika kumi.

Serah alikazia macho mahali soketi ilipokuwa. Giza. Ukitazama giza kwa nguvu, macho huanza kukuletea vitu, na mara mbili aliona zambarau ambayo haikuwepo. Aliomba. Aliomba hata kwa yale mafuta, kama bado yalikuwa na lolote la kusema. Mtu mmoja alikohoa. Pampu ilinguruma. Giza liliendelea kuwa giza, zito, zuri, bila hata chembe.

"Kumi," alisema Hala, na taa zikawashwa.

Mteja aliandika kitu. Shakir alimletea Serah karatasi na akamwonyesha kwa kidole pa kupiga mhuri, na namba kumi na nne ikakaa pale, imepinda kidogo. Soud aliinama sikioni mwake. "Sasa ndiyo unapiga makofi," alisema.

Serah alitoka nje kwenye jua, akasimama penye kivuli cha magodoro, akampigia Francis. Alikuwa amepanga maneno. Alipanga kuanza na samahani, kisha habari. Lakini simu ilipopokelewa na ile pumzi anayoijua ikasema "Serah?", machozi yakatangulia.

Francis alisikiliza kile kilio na akakielewa kwa njia yake.

"Sawa," alisema. "Sawa. Usilie mbele yao. Kaa kando. Sikiza, jana nilipigia bro yangu, tunaweza kuanzia kwake Kitale kama mwezi hivi. Na ile mambo ya viza usiiweke kwa roho. Ni ukweli ulisema, na mimi si kwa sababu ya viza nilikuja. Nilikuja kwa sababu yako. Kama ni kurudi, tunapanda ndege moja, viti viwili vimekaribiana. Miaka minne ya simu ilinitosha. Umenisikia?"

Serah alipangusa pua kwa nyuma ya glavu mpya ya karakana, jambo ambalo Hala angelipigia kelele.

"Nimesikia," alisema. "Francis, haikuwaka."

Upande wa pili lifti ililia, mtu akamsalimia Francis, Francis hakuitikia.

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka umalize kwanza. Na mimi nisamehe. Ile maneno niliandika haikuwa ya kuandikiwa mtu."

"Tutaongea nyumbani," alisema Francis, kisha akaitikia ile salamu.

Nyumbani, chini ya kitanda, Serah alilikuta begi. Lilikuwa limefungwa tayari. Alilifungua, akakuta nguo zake zimewekwa juu ya nguo za mumewe, zimekunjwa kwa uangalifu wa mlinzi, na picha ile ya mhuri namba kumi na nne, aliyoichapisha Francis bila kumwambia, imewekwa katikati ya kitambaa ili isikunjike. Alizirudisha nguo mahali pake moja moja. Kisha akaleta jiko dogo la umeme, akaweka maji, na yalipochemka akatia unga. Francis alikaa karibu kabisa, amevua viatu, akatazama. Serah aliishika sufuria kwa kitambaa, akakaza bega, akaanza kusonga kwa nguvu zake zote, anapiga, anabana, anageuza, mpaka meza ikawa inagonga ubao.

Hadijah aligonga kutoka upande wake. "Nyinyi watu, leo mnapigana kabisa?"

"Hapana, dada," Francis alijibu. "Ni ugali. Njoo ule kabla ya kazi."